Mke Afuma, Mume Afumua

Jambo la kwanza ambalo mtu aliligundua kwa Mama Kifungo ni kwamba hakuweza kusalimiana na binadamu bila kumwondolea uzi. Ukimpa mkono, aliupokea kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukawa tayari umetua begani kwako, au kwenye kola, au pembeni mwa sketi, unaokota kiuzi ambacho wewe mwenyewe hukujua kwamba unatembea nacho. Alikiviringisha kati ya vidole viwili, akakitia mfukoni, na habari za nyumbani zikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Wageni walishtuka kidogo. Wenyeji wa mtaa walikwisha kuzoea, na msusi wa ng'ambo ya barabara, mwanamke asiyejua kunyamaza, alikuwa na msemo wake: "Huyu siku akifa msinunue sanda. Mfukoni mwake mna uzi wa kutosha."

Mama Kifungo alicheka tu. Angefanyaje? Alikuwa ameishi na fundi cherehani tangu usichana wake, na mke wa fundi hukuta uzi kitandani, kwenye sabuni, hata kwenye chai.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele, kilichotazama barabara, kilikuwa karakana ya mumewe. Humo mlikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia iliyochubuliwa na mikasi, kioo kirefu chenye ufa, na sanamu la mwanamke asiye na kichwa, ambalo lilivaa nguo za wateja vizuri kuliko wateja wenyewe. Mumewe mtaa mzima ulimwita Fundi. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Maneno yake, kama ya mafundi wengi, hayakuwa na udugu wowote na kalenda. "Njoo Ijumaa, mama, nguo yako utaikuta tayari." Ijumaa ukifika, unakuta kitambaa kimekunjwa vile vile ulivyokileta. "Ah, mama! Si nilisema Ijumaa ijayo?" Wateja walifoka, wakaapa kwamba hawatakanyaga tena pale, kisha wakarudi, kwa sababu nguo ikishatoka mikononi mwa Fundi ilikukaa kama ngozi.

Walijaliwa watoto wawili. Wa kwanza, aliyeitwa Mkubwa, alikuwa msimamizi wa ghala katika mji mwingine, mtu wa utaratibu, aliyekunja hata mifuko ya plastiki. Wa pili alikuwa binti, aliyekuja wakati wazazi wameshagawa nguo zote za kichanga. Alipoanza tu kutembea, binti huyo aliokota kifungo cha koti la mteja chini ya cherehani, akakimeza. Kwa siku kadhaa baba yake aliacha kazi zote, akawa anamfuata nyuma na swali moja: "Kifungo, kimetoka?" Kifungo kilitoka. Jina likabaki. Hata mama yao, ambaye kwa haki angeitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, akageuka kuwa Mama Kifungo, na Mkubwa hakukosa kulalamika kwamba amepokonywa mama na kifungo.

Hata alipokuwa mtu mzima, alipoolewa na mwokaji mikate na kuhamia upande wa pili wa mji, binti yule alipoingia karakana baba yake aliinua kichwa na kuuliza, "Kifungo, kimetoka?" Naye akajibu, "Bado, baba." Ndiyo ilikuwa salamu yao. Hawakuhitaji nyingine.

Ugonjwa uliingia nyumbani humo kinyemela. Kwanza Fundi alishona shati la mwalimu, akatia mfuko mgongoni. Mwalimu alicheka, Fundi naye akacheka, mfuko ukahamishwa. Baadaye akakata kitambaa cha sare mara mbili kwa vipimo vya mtu yule yule. Kisha akaanza kutafuta mkasi alioushika mkononi. Mama Kifungo alijiambia ni uchovu, ni uzee, ni joto. Mtu akitaka kutoona, sababu hazimwishii. Mpaka asubuhi moja alipoingia karakana na kikombe cha chai, na mumewe akasimama kwa heshima, akafuta kiti kwa kiganja, akasema:

"Karibu mama. Umekuja na kitambaa, au tukuchagulie?"

Alidhani ni utani. Akajibu kwa utani kwamba anataka gauni la kwenda kumsuta mke mwenzake. Fundi hakucheka. Alimtazama kwa macho safi, yenye adabu, macho ya mtu anayemtazama mgeni.

Daktari aliwaeleza taratibu, akichora kwa kidole juu ya meza. Huu ni ugonjwa wa kusahau, alisema, na dawa ya kurudisha kilichoondoka haipo. Mambo ya karibuni hutangulia kupotea, ya zamani hufuata nyuma, na yale ambayo mikono imeyafanya maisha yote huchelewa zaidi. Mama Kifungo alitikisa kichwa kama mwanafunzi mwema. Akainuka, akauona uzi kwenye koti jeupe la daktari, akauondoa, akatoka.

Tangu hapo akawa mteja nyumbani kwake mwenyewe. Mwanzoni alijaribu kumsahihisha.

"Baba Kifungo, mimi ni mke wako."

Fundi alirudi nyuma hatua nzima, akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu aliyesikia. "Mama, tafadhali. Mimi nina mke. Usinitafutie ugomvi na mke wangu."

Mama Kifungo alikwenda jikoni, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, na hapo katikati ya kicheko akagundua kwamba hacheki tena. Mwaminifu gani huyu, anayemkataa mkewe kwa ajili ya mkewe!

Msusi alipohadithiwa, alifikiri kwa muda, jambo lisilo la kawaida yake. "Sikiliza, Mama Kifungo. Wako anakuita mama, kwa adabu zote, anakufutia na kiti. Wangu ana akili timamu na ananiita 'wewe'. Sasa kati yetu sisi wawili, nani ameolewa?"

Shida kubwa ilikuwa mikono ya Fundi. Kichwa kiliacha kazi lakini mikono haikupewa habari. Cherehani ilibidi ifungwe, kwa sababu alishakitoboa kidole chake. Mikasi ikafichwa. Basi mikono ikaanza kutafuta kazi yake yenyewe: ikafumua pindo la pazia, ikafumua mshono wa foronya, ikafumua gauni la Mama Kifungo alilokuwa amelivaa, ameketi kando yake, mpaka kiunoni. Usipompa kitu alitembea huku na huku chumbani, akipapasa kuta, akilia kwamba wateja wanamngoja.

Mama Kifungo alikuwa amejifunza kufuma zamani, kwa shangazi yake, lakini aliacha. Mke wa fundi afume kwa nini? Siku moja, kwa kukata tamaa, alitoa sweta kuukuu la Mkubwa, akakata uzi kwenye pindo, akamtia Fundi mkononi ile ncha. Fundi akavuta. Safu ya kwanza ikaachia, tik-tik-tik, kisha ya pili. Akatulia. Mabega yake yakashuka. Akavuta mchana kutwa, uso umemlainika kama mtu anayesikiliza habari njema, na jioni sweta lilikuwa donge kubwa la uzi mapajani mwake.

Kesho yake hakukuwa na sweta lingine. Basi Mama Kifungo akachukua sindano mbili za kufumia, akaanza kulifuma donge lile upya. Alifuma kitu kisicho na umbo wala jina, kirefu tu, kama barabara. Kilipofika urefu wa mkono, akamkabidhi mumewe. Mumewe akafumua. Naye akafuma. Ndipo nyumba ikapata utaratibu wake: mke anafuma, mume anafumua, uzi ni ule ule, unakwenda na kurudi baina yao kama mazungumzo. Ukiwaona kutoka barabarani, vichwa vimeinama, ungesema hawa ni wazee wawili waliobarikiwa utulivu. Na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Kitanzi kinaingia katika kitanzi, sindano zinagongana, na kwa muda huo moyo wa Mama Kifungo haukuuliza maswali.

Kulikuwa na sheria moja tu. Kikapu cha kijani kilikuwa cha Fundi. Chochote kilichokuwamo ni cha kufumua. Kikapu cheupe, chenye kifuniko, kilikaa juu ya kabati, nacho hakiguswi.

Kazi nyingine ilikuwa ya viraka. Chini ya meza ya kukatia palikuwa na gunia la vipande vya nguo, mabaki ya kila mteja aliyewahi kupimwa katika chumba kile. Mama Kifungo alianza kuviunga awe na mfarishi, tandiko zito la kujifunikia: viraka juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini, na mishono ya kuzishika tabaka zote tatu. Alimpa Fundi kazi ya kupanga vipande, ili tu ashike kitambaa. Hapo akastaajabu. Mtu aliyesahau nyumba yake ina vyumba vingapi alikuwa akigusa kipande, anakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na kusema:

"Hii ni ya yule mhubiri mnene. Alitaka suruali imfanye mwembamba. Nikamwambia, baba, mimi ni fundi, si Mungu."

Au: "Hii, mama alikuwa anamwoza binti yake. Siku ya kuvaa akakuta gauni halimpiti binti kiunoni. Nikanyamaza. Mimi nilishajua tangu kupima."

Alijua vitambaa vyote. Watu walikuwa wametoka kichwani mwake, lakini walikuwa wameacha nguo zao.

Mama Kifungo alikuwa na kipande chake pia. Hakikuwa ndani ya gunia. Alikiweka sandukuni miaka yote, cha zambarau chenye maua madogo meupe, baki la gauni la kwanza aliloshonewa na Fundi kabla hajawa mkewe. Kila alipofungua sanduku alikitazama, akalifunga. Aliogopa. Je, kama angemkumbuka mhubiri mnene, asimkumbuke yeye?

Basi mambo yakawa hivyo, na wakati huo Kifungo akapata ujauzito.

Alileta habari hizo kwa baba yake kwanza. Aliingia karakana Jumapili, na Fundi, ambaye kwa wiki nzima hakumtaja mtu hata mmoja kwa jina, aliinua kichwa.

"Kifungo, kimetoka?"

"Bado, baba. Ila safari hii kitatoka kikubwa."

Fundi alicheka kwa sauti. Kama alielewa au hakuelewa, hakuna ajuaye. Lakini jikoni, Kifungo alimshika mama yake mkono, akasema mambo ambayo mama yake hakuyasahau tena.

"Mama, sitaki kitanda cha mtoto, sitaki sherehe, sitaki kitu. Nataka baba amshike mwanangu huku akijua mimi ni nani. Hata kama ni dakika moja. Atadumu mpaka hapo, mama?"

"Atadumu," alisema Mama Kifungo, ingawa hakuwa na ruhusa ya kuahidi.

Tangu siku hiyo kila Jumapili ikawa mtihani. Mama Kifungo alisimama nyuma ya pazia la karakana, akisubiri binti aingie na mumewe ainue kichwa. Wakati mwingine swali lilikuja haraka. Wakati mwingine lilichelewa, likatafutwa kama swichi gizani, na tumbo la Kifungo likawa linasubiri mlangoni pamoja na mwenyewe. Lakini lilikuja. Tumbo likakua, na swali likaendelea kuja. Na katika kikapu cheupe, Mama Kifungo akaanza kufuma shali ya mjukuu, ya rangi ya maziwa, uzi laini kuliko wote aliowahi kuugusa. Hicho ndicho kilikuwa kitu pekee nyumbani humo kilichofumwa ili kibaki.

Mkubwa alikuja kuwatembelea mwishoni mwa mwezi. Ni mtoto mwema, na alipoona nyumba ilivyosongwa na madonge ya uzi, viraka na vikombe vilivyosahauliwa, roho ilimuuma. Jumapili asubuhi mama yake alipotoka kwenda dukani, alikunja mikono ya shati, akafagia, akapanga, akapangusa. Akakiona kikapu cha kijani chini na kikapu cheupe juu ya kabati, vyote viwili vina uzi. Kwa mtu wa ghala, bidhaa ya aina moja hukaa mahali pamoja. Akamimina cheupe ndani ya kijani, akakiweka miguuni pa baba yake, akaenda zake uani kufua mapazia.

Mama Kifungo alirudi na mkate kwapani. Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amependeza, amechanwa nywele na mwanawe. Mapajani mwake palikuwa na rundo la uzi wa rangi ya maziwa, mwepesi kama mvuke, na mkononi amebakiwa na upana wa kiganja tu wa shali. Alikuwa akivuta. Tik-tik-tik.

Mkate ulianguka.

"Acha!" alipiga kelele. Hakuwa amewahi kumpigia mumewe kelele namna ile, si katika afya wala katika ugonjwa. "Acha wewe! Umeniharibia! Kila kitu unanifumulia, kila kitu!"

Fundi aliuachia uzi. Akainuka nusu, akaketi tena, akainua viganja vyote viwili kama mtu aliyekamatwa. "Samahani, mama. Samahani sana. Ni makosa yangu. Nitakushonea nyingine, bure kabisa. Usiniondokee kwa hasira."

Mkubwa alitokea mlangoni, mapovu ya sabuni mpaka kwenye viwiko, akaona, akaelewa, akakaa chini pale pale kizingitini. "Ni mimi, mama. Ni mimi niliyechanganya." Na ni katika hali hiyo, mkate sakafuni, mama analia, kaka amekaa mlangoni kama mtoto aliyefukuzwa shule, ndipo Kifungo akafika kwa ziara yake ya Jumapili.

Aliwapita wote. Akasimama mbele ya baba yake, mkono kiunoni, tumbo limetangulia. Akasubiri.

Fundi aliinua kichwa. Alikuwa bado na woga machoni. Akamtazama binti yake toka juu mpaka chini, akajitahidi kutabasamu tabasamu la kazi, akaivuta futi ya kupimia shingoni mwake, ambayo hakuiacha hata alipolala.

"Karibu, mama. Gauni la mjamzito, siyo? Usijali, hilo tunapima na kuacha nafasi." Akainama, akamzungushia futi tumboni, kwa uangalifu wa fundi asiyetaka kumgusa mke wa mtu. "Hongera. Baba yako atafurahi."

Kifungo alisimama, akapimwa. Hakusogea mpaka futi ilipoondolewa. "Ahsante, fundi," alisema. Kisha akatoka nje, akavuka barabara, akaingia kwa msusi, na huko alilia hata msusi akakosa la kusema.

Wiki iliyofuata Mama Kifungo hakufuma. Shali ilibaki donge. Kifungo hakuja, alisema kwa simu kwamba miguu imevimba, na mama yake hakumlazimisha aseme ukweli. Mkubwa alirejea kazini kwake akiwa ameomba radhi mpaka radhi yenyewe ikachoka. Mama Kifungo aliuchukua mfarishi, akakaa sakafuni karakana, akaunga viraka bila kupanga rangi, kimoja baada ya kingine, kwa sababu sindano ikipita kwenye kitambaa angalau kuna kitu kimoja duniani kinachoshikamana na kingine. Fundi alikaa kitini kando yake, akimpokeza vipande. Hakukumbuka kelele wala shali.

Alasiri moja alikwenda kwenye sanduku. Alichokiogopa kilikuwa kimeshatokea, tena kwa binti yao. Sasa akiogope nini? Akarudi na kipande cha zambarau, akakitia katikati ya vingine bila kusema kitu.

Fundi alikifikia. Akakisugua. Kidole gumba kikasimama.

"Aa," alisema. Akacheka kidogo, peke yake. "Huyu!"

"Nani huyo?" aliuliza Mama Kifungo.

"Msichana mmoja. Alikuja na shangazi yake, shangazi mkali kama pilipili. Nikamshonea gauni, mama, lilimkaa! Ila mkono wa kushoto niliubana."

"Ulikosea vipimo."

"Mimi?" Fundi alikasirika kweli. "Sijawahi kukosea mkono tangu nizaliwe. Niliubana makusudi. Ili arudi."

Mama Kifungo aliiweka sindano chini. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akimtania mumewe mbele ya wageni kwamba ni fundi hodari lakini mikono ya gauni haiwezi, na miaka yote mumewe aliinamisha kichwa akakubali kosa.

"Akarudi?"

"Alirudi amewaka moto! Nikamlegezea kidogo, nikabana kwapani. Akarudi tena." Alipangusa machozi ya kicheko kwa kipande chenyewe. "Mara ya tatu alikuja bila shangazi."

"Na sasa yuko wapi?"

Kicheko kilipungua. Fundi alitazama barabarani, ambako msusi alikuwa akining'iniza taulo. "Nasikia aliolewa."

"Na nani?"

"Na fundi mmoja." Akainama, akashusha sauti kama anayetoa siri ya biashara. "Mwongo sana yule bwana. Kila siku Ijumaa, Ijumaa. Sijui yule binti alimvumiliaje."

Mama Kifungo alitafuta kitu machoni mwake, chochote, hata mzaha. Macho yalikuwa safi na yenye adabu kama kawaida. Hakuwa akimchezea. Alikuwa akimwambia mteja habari za mwanamke aliyempenda.

"Alimvumilia tu," alisema, na akaangalia pembeni mpaka alipoweza kuona vizuri. "Unadhani atarudi?"

"Atarudi," alisema Fundi, akamrudishia kipande. "Kitambaa chake si hiki hapa?"

Alikishona jioni ile ile, kwenye ukingo wa juu, pale mkono wa mtu aliyelala unapoangukia. Kisha akachukua donge la uzi wa rangi ya maziwa, akaanzisha vitanzi upya. Fundi alishika donge, akalilegeza kadiri uzi ulivyohitajika, taratibu, bila kuambiwa. Hakujaribu kufumua. Labda alikuwa amechoka. Mama Kifungo hakutaka kulichunguza sana jambo hilo.

Simu ya mwokaji mikate ilikuja asubuhi, maneno yanapishana. "Mama, tayari! Tuko hospitali, amesema mje, amesema mje wote wawili, baba aje, hata akimwita nani aje!" Nyuma yake Kifungo alisikika akipaza sauti kwamba mumewe aache kupiga kelele, anayezaa ni nani?

Mama Kifungo alimvalisha Fundi shati la kola, akamfunga vifungo, akatia shali iliyobakiza safu chache katika mfuko pamoja na sindano. Msusi alimwacha mteja nusu amesukwa, akaja kuwashikia mlango. "Nendeni. Nyumba nitaiangalia. Na wewe Fundi, siku ya leo tafadhali jitahidi kidogo."

"Nitajitahidi, mama," alisema Fundi. "Ijumaa utaikuta."

Sasa wameketi kwenye benchi refu nje ya wodi ya wazazi. Mwokaji mikate, ana unga masikioni, anatembea kutoka dirisha hadi mlango. Mkunga ametoka mara moja na kusema bado kidogo, kila kitu kinakwenda vizuri, na kwamba mama mtoto ameuliza kama baba yake amefika. Amefika, wamemjibu. Mkunga amesema mtoto akishapanguswa, baba huyo ndiye ameombwa aingie wa kwanza.

Mama Kifungo anafuma haraka, macho hayatoki mlangoni. Safu za mwisho vidole vinazijua. Fundi amekaa kando yake, mikono juu ya magoti, anasikiliza sauti za ndani na uso umekunjamana kwa kufikiri.

"Mama," anasema. "Tunamsubiri nani hapa?"

"Mtu mpya."

"Anakuja na kitambaa chake?"

"Haji na kitu. Anakuja hivyo hivyo."

Fundi analifikiria jambo hilo. Ndani mtu analia kwa uchungu, kisha kimya, kisha mkunga anasema kwa sauti, "Tena, mama, tena, hiyo hiyo!" Mwokaji mikate anasimama katikati ya hatua. Sindano za Mama Kifungo nazo zimesimama.

"Basi sogea kidogo," anasema Fundi, na yeye mwenyewe anasogea, anapangusa kwa kiganja ile nafasi iliyobaki kati yao kwenye benchi. "Apate pa kukaa."

Wanasogea. Wote watatu wanautazama mlango.